Msiba wa Kuazima

Katika kambi ya kipindupindu iliyopigwa kwenye uwanja wa mpira wa hospitali, hakuna aliyemwita muuguzi mkuu kwa jina lake. Wote walimwita Mama Mishipa, na jina lenyewe hakulipata kwa bahati nasibu. Kwa miaka ishirini na mitatu, kila alipoletwa mgonjwa aliyekauka hata damu imejificha, madaktari wenyewe walisema, "Mwiteni Mama Mishipa." Naye alikuja polepole, aproni ya plastiki kifuani, akaupapasa mkono wa mgonjwa kwa kidole kimoja huku macho yakitazama pengine kabisa, na sindano ikaingia mara moja. Dripu ikishaanza kudondoka, aliwageukia vijana waliomzunguka. "Mishipa haikimbii. Ninyi ndio wenye papara."

Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwili uliojaa na sauti iliyosikika mpaka hema la tatu. Vijana walimwogopa, lakini zamu isiyokuwa na yeye waliiona kama nyumba isiyo na mlango.

Ugonjwa ulipoingia wiki ya nne, kambi ilikuwa na vitanda sitini, vile vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Watu walikuwa wakifa, wengi wao kwa kuchelewa kufika, na wauguzi walianza kuwa na macho ya watu waliosafiri siku tatu bila kulala. Hospitali ikamleta mshauri nasaha, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa, akapewa chumba kilichokuwa cha fundi cherehani wa hospitali, ubavuni mwa dobi. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza waliofiwa, na wafanyakazi walioelemewa. Tangazo likabandikwa. Wafanyakazi walilisoma, wakapita zao. Kile chumba kilitazamana na jiko, na aliyeingia alionwa na wapishi pamoja na kila aliyekuwa kwenye foleni ya chai. Kabla hajatoka, alikuwa ameshapewa ugonjwa. Wenyewe walikuwa wakikiita "kwa vichaa".

Wa kwanza kuthubutu alikuwa Kasuku. Huyu alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na saba, jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea na wagonjwa, na ndoo, na hata na chupa za dripu. Asubuhi moja, kwenye kikao cha kupokezana zamu, aliomba ruhusa ya nusu saa.

"Ya nini?" Mama Mishipa aliuliza.

"Niende kwa mshauri, sista. Silali. Nikifumba macho, naona ndoo."

Mama Mishipa aliangua kicheko. "Jamani, mwenzetu anaona ndoo! Na sisi tulioziona mwezi mzima tunaona nini, malaika?" Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaongeza. "Hapa tumekuja kuuguza, hatukuja kuuguzwa. Ukitaka kulia, lia ukichanganya klorini, angalau utakuwa na cha kusingizia."

Kasuku naye alicheka, kile kicheko cha mtu aliyepigwa kofi na mkubwa wake akaambiwa ni mzaha. Hakwenda kwa mshauri. Na tangu siku hiyo akawa kasuku aliyenyamaza. Mama Mishipa aliuona ukimya ule, akauita adabu.

Wiki mbili baadaye, mikono ya Mama Mishipa ikaanza kumsaliti.

Ilianzia nyumbani, kwenye chai ya asubuhi. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na utani mwingi, alimtazama kikombe kikigongana na kisahani. "Mama watoto, hiyo chai unainywa au unaipigia ngoma?"

"Uchovu tu," alijibu, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Haukuwa uchovu tu. Alikuwa ameacha kula na wanawe, eti asiwaletee maradhi, ingawa yeye ndiye aliyeufundisha mtaa mzima kwamba sabuni na maji safi vinatosha. Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Bintiye mkubwa alipomsogelea kumkumbatia, alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha akamgombeza kwa vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa. Kazini alijifunza ujanja. Akiitwa kutafuta mshipa, alisimama pembeni na kusema, "Chomeni ninyi, mtajifunza lini?" Vijana wakamsifu kwamba siku hizi anafundisha kwa moyo. Zile sifa alizimeza kama mtu anayemeza mfupa.

Mganga hajigangi, alijiambia. Akajikaza kisabuni.

Siku ya Jumatano, yapata saa nne asubuhi, mwanamke mmoja aliingia kambini akikimbia, mtoto mgongoni. Alikuwa muuza vitumbua wa sokoni. Unga ulikuwa bado mikononi mwake. Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka minne, amevaa gauni la manjano lililokatika kifungo cha juu. Macho yalikuwa yamezama. Mama Mishipa alipomfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa.

Daktari alikuwa hema la mwisho na mgonjwa mwingine. Sindano za mfupa, zile zinazotumika mshipa ukikosekana, zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake. Palikuwa na Mama Mishipa, Kasuku, na mama wa mtoto aliyesimama miguuni pa kitanda akisema, "Mwokoe mwanangu, sista, mwokoe mwanangu." Wa kumsukumia alikuwa Kasuku tu, na mbele ya Kasuku hakutaka kuonekana ameshindwa.

Alichoma mara ya kwanza. Mkono ukatetemeka, sindano ikapita kando. Mara ya pili akapata damu, akaipoteza.

"Nipishe nijaribu, sista," Kasuku alinong'ona.

"Shika mkono wake vizuri."

Mara ya tatu. Mara ya nne. Jasho lilikuwa likimtiririka ndani ya barakoa. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

"Sista, nipishe."

"Nimesema nyamaza!"

Mara ya tano. Ndipo Kasuku, bila kusema neno, alipoichukua sindano kutoka vidoleni mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akainama, akachoma mguuni, ikaingia. Akaiminya chupa kwa mikono yote miwili ili maji yaende mbio. Yalikwenda. Lakini mtoto hakuyangoja. Kabla ya saa sita alikuwa ameshakata roho.

Daktari alikuja, akamshika mama yule bega. "Mama, alifika akiwa amechelewa sana. Wauguzi wamefanya kila walichoweza."

Mama Mishipa alikuwa amesimama pale pale. Naye akaitikia kwa kichwa.

Siku tatu alingoja uvumi. Alijua mahali pale palivyo, hata kikohozi cha daktari kilifika jikoni kabla ya chakula cha mchana. Kila walipoinamiana watu wawili, alihisi shingo ikimwaka. Lakini uvumi haukuja. Kasuku hakumwambia mtu. Alifanya kazi zake, akapokea maagizo, akaitika "ndiyo, sista", wala hakumwangalia kwa jicho la kudai. Mama Mishipa angefurahi kama angesengenywa, maana angepata wa kumkasirikia. Ukimya ule ulimvua nguo hadharani kila siku.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Saa tano hivi alijitanda mtandio, akapandisha barakoa mpaka chini ya macho, akaenda hospitali kama mgeni. Alikipita kile chumba mara mbili, mara ya pili akijifanya anasoma tangazo la dobi. Mara ya tatu mlango ulifunguka, mshauri akachungulia, akamwona mwanamke aliyejifunika, macho mekundu, amesimama asijue pa kwenda. Kwa wiki kadhaa alikuwa amewapokea wengi wa namna hiyo.

"Karibu, mama. Pole sana. Umefiwa?"

Hapo palikuwa na njia mbili. Angeweza kusema, mimi ni muuguzi, nimekuja kwa ajili yangu. Neno lilifika kooni, likamkuta Mama Mishipa amekaa pale mlangoni na miaka yake ishirini na mitatu, likarudi.

"Ndiyo," alisema. "Nimefiwa."

"Na nani?"

"Mwanangu. Wa kike. Miaka minne."

Akakaribishwa kiti. Meza ilikuwa bado ile ya fundi, ina mikwaruzo ya mkasi. Mshauri aliuliza jina la mtoto, naye akalitaja lile aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari la vifo. Akaeleza gauni la manjano na kifungo kilichokatika. Uongo ukiuanza, wenyewe unakushika mkono.

"Walimchoma mara tano," alisema. "Nesi aliyekuwa anamchoma alikuwa anatetemeka. Na mwenzake alikuwa pale pale, anamwambia nipishe. Hakumpisha."

"Una hasira naye, yule nesi?"

"Namchukia." Neno lilimtoka kwa nguvu iliyomshtua. "Mshenzi yule. Alikuwa analinda jina lake. Mtoto anakufa, yeye analinda jina."

Kisha akalia. Alilia mpaka barakoa ikalowa ikamnata usoni, na mshauri hakumwambia nyamaza, hakumwambia kazi ya Mungu haina makosa, alimsogezea tu kopo la maji. Alipotoka, alipewa siku ya kurudi, Alhamisi saa nne. Jioni ile usingizi ulimchukua akiwa amekaa kwenye kochi, na mumewe alimfunika shuka pale pale. Akalala mpaka kulipokucha.

Alipoamka, kitu cha kwanza kumjia hakikuwa nafuu. Watu huazimana sufuria, huazimana viti vya matanga. Msiba wenyewe, tangu dunia iumbwe, hakuna aliyewahi kuuazima. Yeye alikuwa amekwenda kulia machozi ya mwanamke mwingine, juu ya mtoto aliyemfia yeye mikononi, na akalala usingizi mzuri. Alijiona mdogo kuliko mwizi wa ndala za msikitini.

Akaapa Alhamisi hatakwenda. Alhamisi ilipofika aliomba ruhusa ya saa moja, akabadilisha sare, akajitanda, akaenda.

Zilikuwa zimebaki hatua tatu kufika mlangoni, mlango ukafunguka, akatoka mteja aliyemtangulia. Alikuwa muuza vitumbua. Mama wa mtoto.

Mama Mishipa alitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaonwa. Mwanamke yule alimtazama macho, kisha akamtazama ule mwili aliouona ukiinama juu ya mwanawe.

"Sista? Ni wewe?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na wewe umefiwa?"

Alivuta mtandio usoni.

"Pole," mama yule alisema, akaushika mkono wake, ule ule, kwa mikono yake miwili. "Mungu akutie nguvu. Na mimi siku ile sikupata hata nafasi ya kukushukuru. Mlihangaika sana na mwanangu. Niliwaona."

Ule mkono ulianza kutetemeka ndani ya mikono ya yule mama. Mama yule akadhani ni majonzi, akaukaza zaidi, akamwombea heri, akaenda zake. Mama Mishipa alibaki amesimama mbele ya foleni nzima ya chai, na kama ardhi ingepasuka wakati ule, angeishukuru.

Mshauri alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Na nusu saa nzima alikuwa amekaa na mama mwingine, mwenye mtoto wa jina lile lile, gauni lile lile, kifungo kile kile.

"Ingia," alisema.

"Siwezi. Nimekudanganya."

"Najua. Ingia hivyo hivyo."

Aliingia, hakukaa. Akavua barakoa, akavua mtandio, akasimama kichwa wazi kama mwanafunzi anayengoja fimbo. "Mimi ndiye yule nesi," alisema. "Niliyemtukana hapa Jumatatu ni mimi."

Mshauri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na kila ulichosema kumhusu, ndicho unachokiamini?"

"Ndiyo."

"Mtoto yule angepona, kama ungempisha mwenzako?"

"Sijui. Pengine. Pengine asingepona. Sitajua mpaka naingia kaburini." Hapo ndipo alipokaa. "Lakini nilitakiwa kumpisha. Hilo nalijua."

"Ni kweli, ulitakiwa," mshauri alisema, bila ukali na bila kumpaka mafuta. "Hilo siwezi kukuondolea. Mikono kutetemeka ni ugonjwa, ni wiki tisa za kuona watu wanakufa, na unatibika, tutauanza leo. Kutompisha mwenzako ni jambo jingine. Huyo mwenzako yuko wapi? Amepata wa kumsikiliza?"

Mama Mishipa aliinama. Alijibu kwa sauti iliyokuwa haifiki hata upande wa pili wa meza. "Alitaka kuja kwako. Kabla ya yote haya. Nilimcheka mbele ya watu."

Mshauri aliweka kalamu chini.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa daktari wa kambi, akamweleza yote, mikono na mara tano na kuitikia kwa kichwa. Daktari alimsikiliza amekunja uso. Aliandika. Akamwondoa kwenye sindano mpaka atakapoambiwa vinginevyo, akampeleka kwenye meza ya maji ya chumvi na sukari, kazi wanayopewa wanaojitolea. Na akasema mama wa mtoto lazima aitwe aambiwe ukweli. "Nitakuwepo," daktari alisema, "maana na mimi nilimwambia nisichokijua."

Asubuhi ya Ijumaa, kikao cha zamu kilipokusanyika, Mama Mishipa aliomba kusema. Sauti yake ya hema la tatu ilikuwa imebaki nyumbani.

"Mikono yangu inatetemeka," alisema. "Ina wiki tatu. Niliificha, na mtoto wa Jumatano ya wiki iliyopita nilimchoma mara tano kwa sababu ya kuificha. Mwenzangu aliniambia nimpishe, nikamnyamazisha. Sasa nakwenda kwa mshauri. Jumanne na Alhamisi, saa nne, na sare yangu. Anayetaka kwenda, aende, asiniombe mimi ruhusa. Ruhusa yangu imeshaonekana thamani yake."

Kijana mmoja nyuma alicheka kidogo, kwa mazoea, kwa kuwa ndivyo walivyozoeshwa. Hakuna aliyemuunga mkono, kicheko kikamfia mdomoni. Kasuku alikuwa akitazama mabuti yake.

Walipotawanyika, Mama Mishipa alimfuata kwenye matangi ya maji, akamkuta anajaza pipa.

"Mwanangu," alianza.

"Usiniite mwanangu, sista."

"Nisamehe. Nilikuvunjia heshima mbele ya wenzako. Halafu ukanisitiri mimi, na mimi sikukusitiri."

Kasuku alifunga bomba. "Sikukusitiri, sista. Niliogopa kusema, nikadhani mtaniona bado naona ndoo. Nani angeniamini mimi, kati yangu na Mama Mishipa?" Machozi yalikuwa yakimlengalenga, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu ya glavu. "Kila siku najiuliza kwa nini sikukunyang'anya mara ya pili. Kwa nini nilingoja mpaka ya tano. Umenitwika hilo, na wewe hata hulijui."

Kweli hakulijua. Kwa siku zote zile alikuwa amejiona mwenye dhambi peke yake, kana kwamba hata dhambi ilikuwa cheo.

"Nitakusamehe," Kasuku alisema. "Lakini si leo. Leo nimechoka."

"Sawa," alisema, akamsaidia kulibeba pipa. Alhamisi iliyofuata, Kasuku naye alikuwa kwenye benchi la mshauri, saa tatu, kabla yake. Walipishana mlangoni, wakasalimiana.

Mama wa mtoto aliitwa Jumamosi. Aliketi ofisini kwa daktari, mkoba mapajani. Daktari alianza, Mama Mishipa akaomba aachiwe amalizie. Alisema bila kupamba. Hakutaja wiki tisa, hakutaja usingizi, maana mshauri alikuwa amemuasa asimpe mfiwa mzigo wake wa kubeba. Alisema pia kwamba aliulilia msiba wa mama yule kama wake mwenyewe, kwa mshauri.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Aliumia?"

"Mara tatu za kwanza alilia," Mama Mishipa alisema. "Baada ya hapo alikuwa hasikii tena."

Mama yule alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikushukuru," alisema. "Nilikushika mkono nikakushukuru." Akainuka, akachukua mkoba, akamuaga daktari. Hakumuaga Mama Mishipa.

Ugonjwa ulikwisha baada ya wiki nyingine sita. Mahema yakashushwa, nyasi za uwanja zikabaki na miraba ya njano. Mikono ya Mama Mishipa ilitulia kwa hatua za kinyonga. Alirudishiwa sindano baada ya miezi minne, kwa watu wazima kwanza, na mara ya pili ikikosa, alimwita mwenzake bila kungoja kuambiwa. Aliendelea kwenda kwa mshauri. Nyumbani alirudi kula sahani moja na wanawe, na mumewe alipomtania kuhusu chai, alimweleza kwa nini ilikuwa inamwagika, akasimulia mpaka akachelewa kazini siku hiyo.

Siku moja, kwenye barabara ya sokoni, alimwona mama yule ng'ambo, beseni la vitumbua kichwani. Palikuwa na duka la viatu ubavuni kwake, na mlango ulikuwa wazi. Hakuingia. Alisimama alipo mpaka mama yule akapita karibu, akamsalimu kwa sauti ya kawaida.

Mama yule alimtazama. Hakutabasamu wala hakusimama. "Salama," alijibu, akaendelea na safari yake, mkono mmoja ukilishika beseni.